Blaise Pascal, Bwana wa Hesabu Aliyemtafuta Mungu

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanalijua jina la Pascal kutoka chumba cha fizikia. Tunapopima mgandamizo wa hewa au wa maji, kipimo chetu huitwa pascal, na kanuni inayoeleza jinsi mafuta yanavyopeleka nguvu ya mguu wa dereva hata kwenye breki za gari ni kanuni ya Pascal. Walakini ni wachache wanaojua mtu huyu alikuwa wa namna gani, na kwamba maswali yaliyomkosesha usingizi zaidi hayakuwa ya maji wala ya hewa. Yeye aliuliza: Mimi ni nani? Mbona nimewekwa hapa duniani? Nikifa nitakwenda wapi? Kwa kuwa maswali hayo yanatuhusu sote, nimeona vema kueleza kwa kifupi habari za maisha yake.

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni, 1623, katika mji wa Clermont, nchini Ufaransa. Mama yake alifariki Blaise alipokuwa mtoto wa miaka mitatu tu, akalelewa na baba yake, Étienne, pamoja na dada zake wawili, Gilberte aliyemtangulia na Jacqueline aliyemfuata. Baba alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya kodi, tena alipenda sana elimu. Mwaka 1631 alihamia Paris na watoto wake, akawafundisha mwenyewe nyumbani.

Baba alitaka Blaise ajue kwanza Kilatini na Kigiriki, kwa hiyo akamficha vitabu vyote vya hesabu. Lakini mtoto akikatazwa jambo hulitamani zaidi. Gilberte alisimulia kwamba siku moja, Blaise akiwa na umri wa miaka 12, baba alimkuta sakafuni akichora maumbo kwa kipande cha kaa. Alikuwa amekwisha kutambua peke yake kwamba pembe za pembetatu zikijumlishwa ni sawa na pembe mraba mbili. Baba alitoa machozi ya furaha, na tangu siku hiyo vitabu havikufichwa tena.

Baadaye baba alipewa kazi ya kodi huko Rouen. Hesabu zilikuwa nyingi mno, akizifanya mpaka usiku wa manane. Blaise akamwonea huruma, na mwaka 1642, hata kabla hajatimiza miaka 20, akaanza kutengeneza mashine ya magurudumu iliyoweza kujumlisha na kutoa. Alifanya majaribio ya mashine zipatazo 50 mpaka akaridhika. Chache kati ya mashine zake zimehifadhiwa hata leo katika nyumba za makumbusho.

Baadaye akashughulika na habari za hewa. Wataalamu wa kale walifundisha kwamba haiwezekani kuwe na mahali patupu kabisa. Pascal aliwaza kwamba kinachoinua zebaki ndani ya mrija ni uzito wa hewa iliyo nje. Na ikiwa ndivyo, juu ya mlima zebaki itashuka, maana huko hewa iliyo juu yetu ni kidogo zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, kwa hiyo alimwomba shemeji yake, Florin Périer, mume wa Gilberte. Tarehe 19 Septemba, 1648, Bwana Périer alipanda mlima Puy de Dôme pamoja na watu wenye heshima wa mji wa Clermont, na mrija mwingine ukaachwa chini ukiangaliwa. Juu ya mlima zebaki ilikuwa imeshuka sentimita nane hivi. Ule wa chini haukubadilika. Tangu hapo neno la wakubwa wa zamani halikutosha tena katika jambo linaloweza kupimwa.

Sasa tuje kwenye habari za moyo wake. Mwaka 1646 baba aliteleza kwenye barafu akaumia nyonga. Waliokuja kumtibu walikuwa ndugu wawili wenye kumcha Mungu sana, nao waliiazima nyumba hiyo vitabu vya dini. Blaise alivisoma kwa bidii, lakini bidii hiyo ikapoa. Mwaka 1651 baba alifariki, na mwanzoni mwa mwaka 1652 Jacqueline aliingia utawani huko Port-Royal. Blaise hakupenda, maana alimtegemea dada huyu katika ugonjwa wake, na hata mambo ya urithi yakaleta maneno baina yao. Alibaki peke yake, akafanya urafiki na matajiri na wacheza kamari. Swali lao la namna ya kugawana fedha mchezo ukikatizwa lilimfanya aandikiane barua na Fermat mwaka 1654, na kutoka barua hizo ikazaliwa elimu ya kukadiria yatakayotokea, ambayo sisi tunaisoma darasani. Hata hivyo, pamoja na sifa zote hizo, alijiona mtupu.

Ndipo ukaja usiku wa tarehe 23 Novemba, 1654. Kwa muda wa saa mbili hivi, tangu saa nne na nusu mpaka saa sita na nusu, Pascal aliuona uwepo wa Mungu kwa namna iliyomjaza furaha na machozi. Aliyaandika hayo katika karatasi, akaishona ndani ya koti lake, na kila alipobadili koti aliihamisha. Hakumwambia mtu. Mtumishi ndiye aliyeigundua baada ya kifo chake.

Tangu hapo alianza kukusanya mawazo ili atunge kitabu kwa ajili ya wale wasiojali dini. Alifundisha kwamba mwanadamu ni dhaifu, ugonjwa mdogo waweza kumwua, lakini ni mkubwa kwa kuwa anaweza kufikiri na kujua kwamba atakufa. Alisema pia kwamba watu wengi hukimbilia michezo na kelele ili wasikae kimya na kujiuliza maswali yale makubwa. Rafiki zake wacheza kamari aliwajibu kwa lugha yao: anayemwamini Mungu, akipata amepata yote, na akikosa hajapoteza kitu kikubwa.

Wako waliompinga, wakisema imani haitafutwi kwa hesabu ya faida. Nadhani wana haki kidogo. Lakini Pascal hakusema kwamba hoja hiyo yatosha. Alitaka kumwamsha aliyelala ili aanze kutafuta. Na kumjua Mungu, kwake yeye, ni kazi ya moyo, ambao una njia zake zisizofikiwa na akili peke yake.

Kitabu hicho hakukimaliza. Mwezi Machi, 1662, magari ya farasi yaliyoanzishwa kwa shauri lake yalianza kupita katika njia maalum za Paris kwa nauli moja, nayo yaliondoka kwa saa zake hata kama hayakujaa, jambo ambalo abiria wa siku hizi wangelifurahia. Fungu lake la faida alitaka liende kwa maskini. Mwaka huo huo alikuwa ameikaribisha nyumbani kwake familia ya watu maskini, na mtoto wao mmoja akashikwa na ndui. Gilberte, aliyemwuguza Blaise, aliogopa kuwapelekea wanawe ugonjwa ule. Ilipasa mgonjwa mmoja aondoke. Pascal, ingawa ugonjwa wake ulikuwa umezidi, alikataa mtoto yule asisumbuliwe, akaiacha nyumba yake na kuhamia kwa dada yake. Huko alifariki tarehe 19 Agosti, 1662, akiwa na umri wa miaka 39. Mawazo yake yalipigwa chapa mwaka 1670.

Baadhi yetu wanafunzi husema kwamba mtu akisoma sana hana budi kuiacha dini, na wengine huogopa kwamba maswali mengi ni dhambi. Maisha ya Pascal yanawajibu wote wawili. Aliuliza bila kuogopa, akapima kila kilichoweza kupimwa. Na kuhusu swali la maisha ni ya nini, jibu lake lililo wazi kuliko yote ni ile nyumba aliyomwachia mtoto mgonjwa wa watu maskini.