Robert Bosch, Fundi wa Vipimo

Dereva atokaye Huye kwenda Rusizi hupanda katika msitu wa Nyungwe hadi mita zipatazo 2,400, kisha huteremka mpaka ufukwe wa Ziwa Kivu, ulio kwenye mita 1,460 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi; gari la kabureta huzidiwa na petroli, likatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Gari la siku hizi huipima hewa lenyewe na kupunguza mafuta. Ustadi huo hauwezi kuelezwa pasipo kumtaja Mjerumani ambaye jina lake husomwa juu ya plagi na nozeli katika karakana nyingi za jeshi na polisi.

Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na Ulm, akiwa mtoto wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Alipopelekwa kujifunza ufundi wa vyombo vya vipimo, bwana wake hakujishughulisha kumfundisha, na uchungu wa jambo hilo haukumtoka. Alitumikia jeshi mwaka mmoja katika kikosi cha wahandisi, akafanya kazi kwa Edison huko New York, kisha kwa Siemens mjini London. Tarehe 15 Novemba 1886 alifungua karakana yake mjini Stuttgart, akiwa na fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Miaka ya kwanza ilikuwa ya dhiki. Kilichomwokoa ni magneto, chombo cha kutoa cheche za kuwashia petroli.

Mwaka 1906 alipunguza kazi hadi saa 8 kwa siku, na mwaka 1913 akaanzisha karakana ya kuwafundisha vijana. Hapo, naona, ndipo alipolipa deni la ujana wake.

Injini ya dizeli ya zamani ilipuliziwa mafuta kwa hewa iliyokandamizwa, na mtambo wa hewa hiyo ulikuwa mzito mno kwa lori. Mwaka 1922 Bosch aliamua kutengeneza pampu ya nozeli. Mwaka 1927 ikaanza kutoka kiwandani kwa wingi. Ndani yake pistoni ndogo, iliyosuguliwa kwa usahihi wa sehemu chache za elfu za milimita, husukuma mafuta. Mkato wa mshazari ubavuni mwake huamua kiasi.

Alifariki tarehe 12 Machi 1942, vita vikiendelea. Kiwanda chake kiliunda zana za vita na kutumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Naye mwenyewe aliwasaidia Wayahudi walioteswa, akampa kazi Carl Goerdeler, mpinzani wa Hitler. Yote mawili ni kweli.

Mwaka 1967 kampuni yake ilitoa Jetronic, iliyowekwa katika Volkswagen 1600. Nozeli ya umeme hufunguka kwa sehemu chache za elfu za sekunde, kwa amri ya kisanduku kinachosoma mgandamizo wa hewa na joto. Tangu hapo fundi wa injini za mashindano hana budi kujifunza hesabu. Gramu 1 ya petroli huungua kikamilifu kwa gramu 14.7 za hewa. Akitaka nguvu nyingi, huishusha hewa hadi gramu 13 au 12.5. Akipunguza mafuta mno wakati injini imelemewa, joto huweza kuyeyusha pistoni. Kwa hiyo hubadili namba moja, hupima moshi kwa kihisio cha oksijeni, ndipo aguse namba nyingine. Na zile alizozipanga ufukweni mwa Kivu huzijaribu tena juu ya Nyungwe.