Mariama Bâ na Barua ya Mwanamke Aliye Ndani ya Eda

Kitabu cha Mariama Bâ nilikisoma mara ya kwanza Bungoma, kwa Kiingereza, miaka ile nilipokuwa nikisomesha huko. Aliyeniazima ni mwalimu mwenzangu, mama wa Kibukusu, akaniomba nikimaliza nimfafanulie mambo ya Kiislamu yaliyomo. Mwisho wake ni yeye aliyenifafanulia mimi, na hapo nitafika. Kwanza tumjue mwandishi mwenyewe, maana huku kwetu Pwani jina lake halitajwi sana, ilhali aliyoyaandika ni mambo ya nyumba zetu.

Alizaliwa Dakar, Senegali, mwaka 1929, nchi ikiwa chini ya Wafaransa. Mamake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na babu na bibi upande wa mama. Ilikuwa nyumba ya dini na mila. Mtoto alisomeshwa Qur'ani na kufunzwa kazi za nyumbani, na wazee hawakuona faida ya msichana kuendelea na skuli ya Kizungu. Aliyeshika msimamo ni babake, mtumishi wa serikali ambaye baadaye, katika miaka ya 1950, alikuwa waziri wa afya. Mwaka 1943 Mariama alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha wasichana huko Rufisque, akawa wa kwanza katika Afrika Magharibi yote ya Kifaransa. Akahitimu mwaka 1947.

Alisomesha kwa muda wa miaka kumi na miwili hivi, mpaka afya ikamlazimu kuacha darasa na kuhamia idara ya ukaguzi wa skuli. Aliolewa zaidi ya mara moja. Mume wa mwisho, Obèye Diop, alikuwa mwanasiasa, na ndoa ile nayo ikavunjika. Akabaki na watoto tisa wa kulea, na kazi, na vyama vya wanawake alivyovitumikia bila kuchoka. Mwenye nyumba ya watu kumi anajua ni saa ngapi hubaki za kuandika.

Basi si ajabu kwamba riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1979, yeye akiwa na umri wa miaka hamsini. Aliiandika kwa Kifaransa, lugha ya skuli, si Kiwolofu cha sokoni na barazani. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Noma, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanzishwa kwa vitabu vinavyochapishwa Afrika. Agosti 1981 saratani ikamwondoa. Riwaya yake ya pili ilitoka yeye ameshazikwa.

Kitabu chenyewe ni barua. Ramatoulaye amefiwa na mumewe, Modou Fall, na akiwa ndani ya eda anamwandikia shoga yake Aissatou. Modou alikuwa amemwoa msichana mdogo, rafiki wa bintiye mwenyewe. Mke mkubwa hakuambiwa kitu. Harusi imeshapita ndipo akaja imamu na shemeji na rafiki wa mume kumpa habari. Aissatou naye alipoletewa mke mwenza alichukua watoto wake akaondoka. Ramatoulaye, mama wa watoto kumi na wawili, alibaki.

Nilipokuja kuhamia Kitale nikaipata kwa Kiswahili, *Barua Ndefu kama Hii*, na hapo nikaona jambo ambalo sikuliona kwa Kiingereza. Msomaji wa Paris au London hana budi kuelezwa kwa nini mjane huyu amekaa ndani miezi minne na siku kumi. Sisi neno moja latutosha: eda. Mke mwenza, arobaini, talaka, yote yamo vinywani mwetu tangu utotoni. Na lipo neno moja ambalo Mariama mwenyewe aliliacha katika Kifaransa chake bila kulitafsiri, *mirasse*. Ni mirathi! Analitumia kwa maana mbili: mali ya marehemu inapohesabiwa wazi mbele ya watu, na siri zake nazo hufunuliwa, mpaka deni la nyumba aliyomjengea bibi mdogo. Mfaransa hulipita neno hilo kama neno geni. Mswahili hulikuta kama jamaa aliyevaa kanzu ya ugenini.

Ila kujua maneno si kuelewa kila kitu. Siku ya arobaini shemeji, Tamsir, anamwendea mjane na kumtangazia kwamba akitoka eda atamwoa. Mimi nilichokiona ni kosa la sheria, maana mwanamke aliye ndani ya eda haposwi waziwazi, na imamu amekaa pale pale! Yule mama wa Bungoma aliona jingine kabisa. Kwao, alinieleza, ndugu wa marehemu kumrithi mjane ilikuwa desturi ya wazee, na mjane kumkatalia shemeji mbele ya watu lilikuwa jambo zito kuliko nilivyodhani. Ramatoulaye anamjibu Tamsir kwa maneno makali na kumfukuza. Mimi nilikuwa nimeisoma sehemu ile kama fat'wa. Yeye aliisoma kama mwanamke anayeweza kupoteza shamba.

Nimewasikia watu wakisema kitabu hiki kinapiga vita dini. Sikubaliani nao. Ramatoulaye anakaa eda yake yote, anaswali, analia, wala hamlaani Mungu hata mara moja. Anachokilalamikia ni mume aliyeitumia ruhusa bila uadilifu, na wazee waliomfichia. Nani kati yetu hajui nyumba kama hiyo mtaani kwao?

Kule Gorée, kisiwa kilicho mbele ya Dakar, leo kuna skuli ya bweni ya wasichana yenye jina lake. Na kitabu chake, miaka mingi baada ya kifo chake, kilitafsiriwa kwa Kiwolofu, kikarudi kwa lugha ambayo bila shaka mambo yale yalisemwa kwanza. Nakala yangu ya Kiswahili niliirudisha Bungoma kwa yule mama. Hajanirudishia mpaka leo, na nasikia sasa iko kwa dadake.