Mwalimu Nyerere wa Tabora na Uchaguzi wa Masomo

Kijana amalizapo kidato cha nne hutakiwa kuchagua mchepuo atakaoufuata: hisabati na sayansi, au lugha na historia. Wengi hudhani kwamba uchaguzi huo hufanyika siku ile ajazapo fomu. Sisi tunaona kwamba huanza miaka mingi kabla, katika darasa la tatu au la nne, mwalimu anapomwambia mtoto aliyekosa kugawanya kwamba hesabu si fungu lake. Kwa hiyo tumeona vema kuyatazama maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa upande huu mmoja tu: jinsi alivyofika kwenye fani aliyoichagua.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Aliupenda mchezo wa bao maisha yake yote, nao hauwezi mtu asiyehesabu kete kichwani kabla ya kuzitembeza. Mwalimu wa hesabu asiudharau mchezo huo.

Mwaka 1937 aliingia Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 hasa kwa ajili ya watoto wa watemi. Tabora ulikuwa mji uliozoea vipimo. Hapo njia ya misafara itokayo Bagamoyo iligawanyika, mkono mmoja ukielekea Ujiji na mwingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, yaani kilo 16 hivi, na nguo kwa doti. Na mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshindwa kuhesabu posho yake alipunjwa. Mwanachuo atakayepangiwa shule za huko anayo maswali ya kuzidisha na kugawanya tayari katika historia ya mji, wala hana haja ya kutunga habari za matufaha ambayo watoto hawajapata kuyaona.

Kutoka Tabora alikwenda Makerere mwaka 1943, akahitimu stashahada ya ualimu mwaka 1945. Kisha alirudi mji ule ule kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa ya Mapadre Weupe. Masomo aliyoyafundisha ni bayolojia na Kiingereza. Tunaomba msomaji atue hapa kidogo. Mtu ambaye baadaye alitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili alisimama darasani akifundisha elimu ya viumbe, na kwa kipindi cha miaka mitatu hivi hakuona kwamba upande mmoja unamzuia kuushika mwingine. Nje ya saa za kazi aliwafundisha watu wazima Kiingereza bila malipo. Kwa muda mfupi pia alikuwa mkaguzi wa bei, akiingia madukani kulinganisha bei iliyoruhusiwa na ile iliyotozwa. Taarifa zake zilipopuuzwa, akaiacha kazi hiyo. Hesabu zake zilikuwa za kutoa tu, lakini zilimwonyesha nani anaibiwa.

Mwaka 1949 alisafiri kwenda Edinburgh. Alipofika alisoma kwanza kozi fupi ya fizikia na kemia. Ilipofika Oktoba ya mwaka huo aliingia kitivo cha sanaa, ambako alisoma uchumi wa siasa, elimu ya jamii za watu, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili, akapata shahada mwaka 1952. Alikuwa na umri wa miaka 27 alipochagua, naye alikwisha kuzijaribu njia zote mbili.

Wapo wanachuo wanaoutumia mfano huu kujitetea: Mwalimu aliiacha sayansi, nasi tuache hisabati. Hoja hiyo hatuikubali. Aliyeiacha njia baada ya kuitembea hafanani na aliyefungiwa mlango akiwa na miaka tisa. Na somo la uchumi halina huruma kwa mtu anayeogopa tarakimu. Mtoto wa darasa la nne tunayemwondolea hesabu leo hatachagua kitu akifika kidato cha nne, atachukua kilichobaki.

Alipokuwa Rais aliendelea kulishughulikia jambo hili. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kuwapandisha wachache. Mwaka 1969 hotuba yake juu ya mpango wa pili wa maendeleo iliitwa Kupanga ni Kuchagua. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aombe nafasi Chuo Kikuu, kama yeye mwenyewe alivyotoka darasani Tabora. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, wasichana wakitangulia kusamehewa, kwa kuwa idadi yao ilishuka. Hata hivyo swali lililokuwa ndani yake lingali mezani kwetu: mwanafunzi apewe muda gani, na ajaribu mambo gani, kabla hatujamtaka aseme yeye ni wa hisabati au si wa hisabati?