George Washington Carver, mwalimu aliyepeleka darasa shambani

Kama unalima kipande cha ardhi ambacho si chako, na udongo wake umechoka, mfahamu mtu huyu.

George Washington Carver alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, Marekani, karibu mwaka 1864. Akiwa bado mtoto mchanga, majambazi walimteka pamoja na mama yake. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Alipokua, chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamfukuza alipofika na kuonekana ni mweusi. Hatimaye alisomea kilimo Iowa, akapata shahada ya uzamili mwaka 1896.

Mwaka huohuo alikwenda kufundisha Tuskegee, Alabama. Huko wakulima weusi wengi walilima mashamba ya watu na kugawana mavuno na wenye ardhi. Walipanda pamba kila mwaka hadi udongo ukaisha nguvu. Mbolea ya dukani ilitaka pesa, nao tayari walikuwa na madeni. Carver aliwaonyesha kitu cha bure: majani ya msituni na matope ya bwawani, yakirundikwa hadi yaoze. Aliwafundisha pia kubadilisha mazao, mwaka huu pamba, mwaka ujao kunde au karanga. Mizizi ya mimea hiyo ina vinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kurutubisha ardhi. Nawe huku unapata chakula.

Lakini waliohitaji elimu hiyo hawakuweza kuacha jembe waende chuoni. Basi mwaka 1906 likatengenezwa gari la kukokotwa na wanyama, likajazwa zana na mbegu, likaanza kuzunguka vijijini. Fedha zilitoka kwa Morris Jesup, tajiri wa New York, na gari likaitwa kwa jina lake. Thomas Campbell, aliyesoma Tuskegee, ndiye aliyepewa kazi ya kulizungusha. Carver mwenyewe aliandika vijitabu vya lugha nyepesi: namna ya kupanda, kuhifadhi, hata kupika viazi vitamu.

Wengi humkumbuka kwa karanga tu. Wengine husema alibuni siagi ya karanga, jambo ambalo si kweli. Ukituuliza sisi, gari lile lina uzito zaidi.

Mwaka 1940 alitoa akiba yake kuanzisha mfuko wa utafiti hapo Tuskegee. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, na mali aliyoacha ikaingia katika mfuko huo.