Ella Fitzgerald: Kuteleza si Kuanguka

Usiku wa tarehe 13 Februari 1960, katika ukumbi wa Deutschlandhalle mjini Berlin, mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald alisahau maneno ya wimbo mbele ya maelfu ya watu. Wimbo ulikuwa Mack the Knife. Kabla ya kuuanza aliwaambia wasikilizaji anatumai atayakumbuka maneno yake. Ulipofika katikati, yakamponyoka.

Hakunyamaza, wala hakuirudisha bendi mwanzo. Alitunga maneno mengine papo hapo, akiimba kwamba ya asili yamempotea. Akawataja Bobby Darin na Louis Armstrong, waliorekodi wimbo huo kabla yake, kisha akaiga sauti ya Armstrong ya kukwaruza. Rekodi ya onyesho hilo ilimpatia tuzo mbili za Grammy.

Wapo watakaosema ni bahati. Tutazame alikotoka. Alizaliwa Newport News, Virginia, mwaka 1917, akakulia Yonkers, karibu na jiji la New York. Mamake alifariki mwaka 1932, naye akiwa na miaka 15. Aliacha shule, akapelekwa nyumba ya mayatima, kisha shule ya kurekebisha tabia, akatoroka na kuishi bila makao. Novemba 1934 alipanda jukwaa la Apollo, Harlem, kwenye shindano la wasanii chipukizi. Alikwenda kucheza dansi, lakini waliomtangulia walicheza vizuri hata akaingiwa na woga. Akabadili nia pale pale, akaimba, akashinda.

Mwaka 1935 alijiunga na bendi ya Chick Webb, na Webb alipofariki mwaka 1939, yeye ndiye aliyeiongoza. Alijifunza kuigiza tarumbeta na ala nyingine kwa koo lake, kwa sauti zisizo maneno. Kwa hiyo maneno yalipomtoka Berlin, muziki ulikuwa bado umo ndani yake.

Kisukari kilimnyang'anya miguu yote miwili mwaka 1993. Alifariki tarehe 15 Juni 1996, akiwa na miaka 79.

Hapa kwetu Pwani, mtoto akikwama katikati ya shairi au kasida mbele ya watu, wakubwa huwa wepesi kucheka au kumshusha. Tumwache amalize. Huenda akapata njia yake mwenyewe ya kufika mwisho.