MAISHA YA AUDREY HEPBURN, MCHEZAJI WA TEATRE NA SINEMA



Tulipotaja jina la mama huyu kwa kuliweka katika gazeti letu hapa Naviundu, wamoja walikataa: mchezaji wa sinema anatafuta nini katika gazeti la masomo ya Waprotestanti? Tunawaomba, someni kwanza, kisha mtakata neno.

Audrey Hepburn alizaliwa tarehe 4 Mei 1929 pale Ixelles, mu Bruxelles. Alikuwa Mwingereza kwa uraia, lakini mama yake alikuwa Mholanzi. Alipokuwa na miaka sita, baba aliwaacha, akaenda zake. Vita ilimkuta Arnhem, mu Uholanzi. Katika baridi ya 1944 na 1945 Wajeremani walifunga njia za chakula. Watu wengi walikufa na njaa. Yeye na wa kwao walikula hata mizizi ya maua. Vita ilipokwisha, shirika la UNRRA lilileta chakula na dawa. Ile njaa hakuisahau hata siku moja.

Nia yake ilikuwa kucheza baleti. Mwaka 1948 aliingia masomo ya Marie Rambert kule London. Lakini alikuwa mrefu kupita wenzake, na njaa ya vita ilikuwa imeharibu nguvu za mwili. Wakamwambia wazi kwamba hatafika daraja la kwanza. Hakukunja mikono. Alicheza mu makundi, nyuma ya wakubwa, katika teatre za London. Kisha, 1951, alipewa nafasi ya kwanza mu mchezo wa Gigi kule New York. Filme Roman Holiday ya 1953 ikamletea zawadi ya Oscar.

Hata Kongo alifika. Mwaka 1958 alikuja Stanleyville, njo Kisangani ya leo, kwa filme The Nun's Story, habari ya sista muuguzi wa Ubelgiji. Walipiga picha pia Yakusu, kituo cha Wabatisti wa Uingereza, pale Dokta Stanley Browne alikuwa anatunza wagonjwa wa ukoma. Hatufichi: ile filme inaonyesha Kongo kwa macho ya wakati wa ukoloni.

Uzeeni angeweza kupumzika tu. Lakini 1988 alikwenda Ethiopia kutembelea watoto wenye njaa, akitumwa na UNICEF. Mwaka 1989 wakamfanya balozi wao. Septemba 1992 alifika Somalia. Aliporudi, walimkuta na kansa. Alikufa tarehe 20 Januari 1993 kule Tolochenaz, mu Uswisi, akiwa na miaka 63.

Sisi wa mwaka wa sita tunangojea mtihani wa Taifa. Wengine watapita, wengine watakuta mlango umefungwa. Mama huyu naye alifungiwa mlango alioupenda zaidi, akapita kwa mwingine. Na chakula alichopewa utotoni, alikirudisha kwa watoto wa wengine.

Basi, neno ni lenu.