Madame Tussaud: Mwanamama aliyefinyanga vichwa vya waliokatwa vichwa

WATENGENEZAJI wa vinyago vya mpira vinavyovaliwa katika nyumba za kutishia watu, biashara inayochangamka sana huko Marekani na Ulaya kila ifikapo Oktoba, hufuata hatua zilezile. Hufinyanga sura kwa udongo, huifunika kwa plasta mpaka ipatikane kalibu, kisha humimina ndani yake utomvu wa mpira. Plasta hufyonza maji ya utomvu huo, na ngozi ya mpira hubaki imeganda kwenye kuta za kalibu.

Ukiondoa mpira na kuweka nta, hiyo ndiyo kazi iliyomlisha Marie Grosholtz kwa zaidi ya miaka 70. Dunia inamfahamu kwa jina la mumewe, Madame Tussaud.

Marie alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, Desemba 1761. Baba yake alikuwa askari na hakuwahi kumwona mwanawe. Mama yake alipata kazi ya kutunza nyumba ya daktari mmoja wa mjini Bern, Uswisi, aliyeitwa Philippe Curtius. Daktari huyo alikuwa akitengeneza viungo vya mwili kwa nta kwa ajili ya masomo ya udaktari. Baadaye aligundua kuwa watu wako tayari kulipa zaidi kuona sura za wakubwa kuliko kuona maini na mapafu. Akaacha udaktari, akahamia Paris. Marie na mama yake walimfuata, na mtoto huyo akakua akimwita mjomba.

Curtius ndiye aliyemfundisha kazi. Mtu aliye hai alipakwa mafuta usoni, akawekewa vijirija puani apate kupumua, kisha akamiminiwa plasta. Kutokana na alama hiyo fundi alipata sura ya kufanyia kazi, akairekebisha kwa udongo, akafumbua macho na kurudisha uhai uliopotea chini ya plasta. Ndipo alipotengeneza kalibu ya vipande vingi na kumimina nta ya moto. Nta huganda kuanzia pembeni. Fundi akisubiri kidogo na kuimwaga iliyo katikati, hubaki kichwa chenye uwazi ndani. Macho ya kioo yalipachikwa kupitia uwazi huo, na nywele zilichomekwa mojamoja kwa sindano ya moto. Ni kazi ya subira, wala haitaki mtu mwenye haraka. Mwaka 1777 Marie, akiwa msichana wa miaka 15, alimfinyanga mwandishi maarufu Voltaire.

Katika maonyesho yake ya Paris, Curtius alikuwa na ukumbi wa watu mashuhuri na pango la wezi na wauaji wakubwa. Kumbuka pango hilo, msomaji, kwani tutalirudia.

Mapinduzi ya Ufaransa yalibisha hodi dukani kwao kabla hata gereza la Bastille halijaangushwa. Julai 12, 1789, umati uliingia kwa Curtius na kuchukua vichwa vya nta vya waziri Necker, aliyekuwa amefukuzwa kazi na mfalme, pamoja na Mtawala wa Orléans. Vilibebwa mitaani kwa maandamano mpaka waandamanaji wakakutana na askari, damu ikamwagika.

Baada ya hapo vichwa vilivyobebwa mitaani havikuwa vya nta tena.

Kwa maelezo ya Marie mwenyewe, yaliyochapishwa London mwaka 1838, alilazimishwa na wanamapinduzi kuchukua alama za nyuso za waliouawa: Mfalme Louis XVI aliyekatwa kichwa Januari 1793, Malkia Marie Antoinette aliyemfuata Oktoba mwaka huohuo, Marat aliyechomwa kisu akiwa ndani ya bafu lake, na Robespierre aliyeuawa Julai 1794. Alidai pia kuwa kabla ya hapo aliishi katika kasri la Versailles akimfundisha sanaa dada wa mfalme, na kwamba aliwahi kufungwa na kunyolewa nywele tayari kwa gilotini.

Hapa inabidi kusema ukweli. Wanahistoria wamelitafuta jina lake katika kumbukumbu za Versailles na hawajaliona, na mengi katika simulizi hiyo yanamtegemea yeye peke yake. Sura za nta zenyewe zipo. Lakini kwamba msichana huyu alikaa na kichwa cha malkia magotini kwa sababu ya kulazimishwa, au kwamba yeye na mjomba wake walikwenda kwa hiari kwa kuwa biashara ilihitaji, hilo lina tofauti kubwa. Mwandishi wa makala haya anaona kuwa mwanamke aliyekuwa akitafuta wateja miongoni mwa mabwana na mabibi wa Uingereza asingeweza kueleza habari hiyo kwa namna nyingine. Curtius alikuwa mwanachama wa Jacobin. Mtumishi wa wanamapinduzi asingekaribishwa katika kumbi za London. Mhanga wao alikaribishwa.

Curtius alifariki mwaka 1794 na kumwachia Marie kila kitu, yakiwemo madeni. Mwaka uliofuata aliolewa na François Tussaud, mhandisi, lakini bwana huyo hakuwa msaada mkubwa katika kutafuta fedha. Binti yao wa kwanza alikufa akiwa mchanga. Wakafuata wavulana wawili, Joseph na Francis.

Mwaka 1802, Uingereza na Ufaransa zilipopatana kwa muda mfupi, Marie alivuka bahari akiwa na masanduku ya nta na Joseph, mtoto wa miaka minne. Francis, aliyekuwa na miaka miwili tu, alibaki Paris na baba yake. Aliyemwalika Marie ni Paul de Philipsthal, bwana aliyekuwa akionyesha mizimu katika ukumbi wa Lyceum, London, kwa taa ya picha iliyofichwa gizani. Watazamaji walipiga mayowe, na Philipsthal akahesabu fedha. Kwa mkataba wao alichukua nusu ya mapato ya Marie, huku matangazo yakimsahau mwanamama huyo.

Vita vilianza tena mwaka 1803, njia ya kurudi ikafungwa. Marie alihangaika Edinburgh, Glasgow na Dublin mpaka akajitoa katika mkataba huo. Tangu hapo hakuwa na bosi. Hakurudi Ufaransa wala hakumwona tena mumewe. Francis alimfuata Uingereza akiwa tayari mtu mzima, na mama akalazimika kufahamiana upya na mwanawe.

Kwa miaka ipatayo 30 alizunguka na mikokoteni yake kutoka mji mmoja hadi mwingine. Hebu fikiria nta ya nyuki katika barabara za mashimo za wakati ule: kila kituo kilikuwa na pua ya kuunga na vidole vya kubandika. Mwaka 1831 ghasia zilipozuka mjini Bristol na nyumba kuteketea jirani, sanamu zilitolewa nje haraka, nazo zikanusurika.

Alikuwa na jicho la biashara. William Burke aliponyongwa Edinburgh Januari 1829 kwa mauaji yaliyofanywa ili maiti ziuzwe kwa mwalimu wa upasuaji, Marie hakuchelewa kuiweka sura yake mbele ya wateja. Ila hakuichanganya na za wafalme. Lile pango la Curtius lilikuwa limegeuka chumba cha pembeni. Alipotulia Baker Street, London, mwaka 1835, kiingilio kilikuwa shilingi moja, na aliyetaka kuingia chumba hicho aliongeza peni sita. Katika miaka ya 1840 kikapata jina lililobaki, Chumba cha Vitisho. Mzee huyo alikaa mlangoni akipokea fedha kwa mkono wake.

Mwaka 1842, akiwa ametimiza miaka 80, alijifinyanga mwenyewe, na kofia yake na miwani. Alifariki usingizini Aprili 16, 1850, akiwa na miaka 88, biashara ikabaki kwa wanawe. Mjukuu wake aliihamishia Marylebone Road mwaka 1884. Moto wa mwaka 1925 uliyeyusha sanamu nyingi, na bomu la Wajerumani liliangukia jengo hilo mwaka 1940, lakini kalibu nyingi zilinusurika na nta ikamiminwa upya. Chumba cha Vitisho kilifungwa mwaka 2016, kikafunguliwa tena mwaka 2022.